Mguu wa Klachi

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Sukari 11.4. Daktari alisema niandike kila asubuhi. Binti yetu Queen katuma mashine ya kupimia kutoka Mtwara, daftari nimenunua mwenyewe. Nimeandika. Basi.

Kurasa ni nyingi kuliko namba. Nitaandika na mengine.

Leo kikao cha kikundi. Tulikuwa thelathini na mmoja, wote wakulima wa korosho, wote tumechoka kupeleka wagonjwa kwa bodaboda. Imepitishwa — tunanunua pikapu! Itabeba magunia, itabeba maji, itabeba wagonjwa. Mama Faridi, mwenyekiti wetu, akasema mtu wa kutuchagulia ni mmoja tu. Akanitazama. Miaka ishirini na tisa kwenye usukani, akasema, na Optatus hajagonga hata kuku. Watu wakapiga makofi. Dereva nitakuwa mimi, na kijana wetu Anwari atanisaidia.

Nilisimama kushukuru. Mguu wa kushoto ulikuwa kama umevaa soksi nene. Sikuwa na soksi.

Alhamisi, 5 Septemba

Sukari 12.9.

Nimeendesha lori la Chrispin, yule mnunuzi wa korosho, kupeleka mbao Newala mjini. Pale njia panda ya sokoni nikasimama kupisha watu. Lori likaruka mbele mara moja, likazima. Mama mmoja aliyebeba ndoo aliruka pembeni, maji yote chini. Alinitukana, na haki yake.

Chrispin alicheka mpaka machozi. Mzee Optatus leo umekunywa? Nikacheka naye.

Sikunywa. Mguu ulitoka kwenye klachi na mimi sikujua. Nilijua lori lilipozima.

Jumapili, 8 Septemba

Tumetoka kanisani, mke wangu Yuster anapika ugali pale nje. Mimi nilivua viatu, nikasimama karibu na mafiga tunaongea habari za Queen, kwamba hataki kurudi huku, kwamba kapata mtu wa Lindi. Tunaongea tu vizuri.

Yuster akainua pua. "Nini kinaungua?"

Nikasema labda ukoko.

"Si ukoko. Ni kama nyama." Akatazama chini. "Baba Queen! Mguu! Toa mguu!"

Nilikuwa nimekanyaga kaa la moto. Sijui kwa muda gani. Alinisukuma, nikakaa chini kwa kishindo, akanimwagia maji ya ndoo. Pale kwenye unyayo kuna shimo, kingo zake nyeupe. Nililitazama kama natazama mguu wa mtu mwingine.

Aliyelia ni yeye. Mimi sikusikia kitu cha kunifanya nilie.

Nimemwomba asimwambie mtu. Akauliza, hata Queen? Hata Queen.

Alhamisi, 12 Septemba

Sikupima.

Kliniki mjini. Nesi alinilaza, akanifunga macho kwa kitambaa, akasema atanigusa chini ya miguu kwa kijiti laini cha plastiki. "Ukisikia, sema nasikia."

Nikangoja. Nikangoja sana. Nikamwambia mwanangu, unaweza kuanza.

Akasema, "Baba, nimeshamaliza mguu mmoja."

Wa kushoto umekufa ganzi mpaka kwenye kifundo. Wa kulia umeanza kwenye vidole. Ni sukari, anasema, sukari ya siku nyingi. Nisitembee pekupeku, nisikae karibu na moto, nitazame nyayo kila siku kwa kioo. Wa kulia tukiwahi dawa tunaweza kuuokoa, labda.

Akauliza, kazi yako nini, baba?

"Mkulima."

Si uongo. Nina mikorosho mia na ishirini. Akaandika mkulima.

Jumatano, 18 Septemba

Masasi tangu asubuhi. Mimi, Mama Faridi na Anwari. Nimerudi nimechoka, lakini lazima niandike leo leo, kesho nitakuwa nimeshajidanganya.

Fundi Salmini alitupeleka kwenye yadi. Huyu Salmini nimemjua tangu tukiwa vijana wa gereji, na Mama Faridi ni shangazi yake kwa upande wa baba, kwa hiyo hakuna wa kumuuzia mwenzake mbuzi kwenye gunia. Pikapu mbili. Nyeupe, gia za mkono. Ya bluu, otomatiki. Umri wa zote mbili unalingana, bodi nzuri zote, injini zote safi. Salmini alilala chini ya kila moja mpaka shati likawa jeusi.

Nikaanza na nyeupe. Nilizunguka uwanja mara mbili. Kila nikikanyaga klachi ilibidi niinamishe macho nione mguu uko wapi. Mara ya tatu gia ililia. Anwari aligeuka kunitazama. Nikasema imekaza.

Kisha ya bluu. Mguu wa kushoto nikaulaza pembeni kama mtoto aliyelala. Unaweka D, unaenda. Ilikuwa kama kutua mzigo! Nilitaka kuendesha mpaka jioni.

Salmini hakuzungusha maneno. "Kwa mlima wenu ule wa kushukia huku, chukueni nyeupe. Unashuka na gia namba mbili, injini yenyewe inalishika gari. Otomatiki dereva asipojua kushusha gia ataning'inia kwenye breki tangu juu mpaka chini. Breki zitachemka. Zikichemka hazishiki tena."

Anwari akasema yeye pia nyeupe. Otomatiki hajawahi kuigusa. Na betri ikifa utaisukuma vipi?

Wote wakanigeukia. Mama Faridi akasema, "Baba Queen, sisi tunasikia tu. Wewe ndiye mwenye kujua."

Ningesema. Pale pale ningesema. Jua lilikuwa kali, maneno yalikuwa mafupi — mguu wangu mmoja hausikii, jamani, tafuteni dereva. Maneno saba, manane.

Nikasema barabara zetu za mashambani ni mchanga mtupu, kwenye mchanga klachi inaungua, na hiyo ni kweli. Nikasema otomatiki ina gia ya chini pia, ukiweka L inashika mlima vilevile, na hiyo ni kweli. Kisha nikamtazama Mama Faridi, nikasema, "Na hii hata wewe utaiendesha. Hata kina mama wote wa kikundi."

Nilijua. Miaka yote anasema angependa kujua gari. Uso wake ulifunguka kama msichana.

"Ya bluu," akasema.

Salmini alifuta mikono kwa tambara, taratibu, kidole kimoja kimoja. Alinishika bega wakati wa kuondoka. "Optatus, wewe uliniambia mwaka ule kwamba otomatiki ni gari la watu wa mjini. Nini kimebadilika?"

Nikamwambia uzee.

Alhamisi, 19 Septemba

Kijiji kizima kilikuja kuiona. Wamefunga khanga kwenye kioo cha mbele, wameimba. Watoto wamezunguka nayo mara nne. Yuster alisimama mlangoni na mikono kifuani. Hakuja.

Jumamosi, 28 Septemba

Sukari 13.6.

Nimemfundisha Anwari uwanjani. Kijana mzuri, mtu mzima sasa, ana mke na watoto wawili, mikono yake ni myepesi kwenye usukani. Tatizo mguu wake wa kushoto — unatafuta klachi! Kila akitaka kubadili gia unakanyaga breki kwa nguvu zote, sisi wote vichwa mbele. Tulicheka. Nikamfunga mguu kwa kamba kwenye kiti, tukacheka zaidi.

Nilimweleza habari ya kushuka. D ni ya tambarare. Mlimani unarudisha 2, pakikaza L. Akasema nimeelewa, mzee. Nilitakiwa kumpeleka mlimani anione nikifanya, afanye nikimwona. Ndivyo nilivyofundishwa mimi.

Sikumpeleka. Vidole vya kulia vilikuwa vinawaka kama pilipili tangu alfajiri, kisha saa nne vikanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikonitisha.

Nikamwambia tutaenda siku nyingine.

Jumatano, 9 Oktoba

Hiyo siku nyingine haikuja. Jana Anwari alishuka Masasi bila mimi kuleta pembejeo. Nilimpa funguo mwenyewe.

Leo asubuhi nimekwenda kuosha gari. Harufu ile naijua — breki zilizoungua, inakaa kwenye ringi hata siku mbili. Nikachungulia. Diski za breki za mbele zimegeuka rangi, bluu na zambarau kama shingo ya njiwa.

Nikamwita. Ulishuka na gia gani?

"D, mzee. Kuna nyingine?"

Anasema chini kabisa, ile kona ya mwisho kabla ya tambarare, pedali iliingia mpaka sakafuni kama imeingia kwenye uji. Akavuta hendibreki. Likasimama likinuka moshi. Alikaa nusu saa hawezi kushuka kwenye kiti. Alikuwa amepakia mama wa Chiwata na watoto wake watatu.

Alitaka kumwambia mwenyekiti. Nikamwambia hapana. Nikasema watamwogopa, watamnyima gari, ayaache kwangu. Alinishukuru! Alinishika mkono kwa mikono miwili, akanishukuru.

Sikumwonea huruma yeye. Niliogopa Mama Faridi angeuliza kwa nini tuna otomatiki.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimebadilisha pedi za breki mwenyewe. Nikampeleka Anwari mlimani, tukashuka na kupanda mara tatu kwa 2 na kwa L. Sasa anajua. Anajua kweli.

Tukishuka mimi nimekaa kiti cha abiria, natazama mguu wake wa kulia unavyopanda na kushuka kwenye breki bila yeye kuutazama. Kama mkono unavyokwenda mdomoni.

Jumanne, 22 Oktoba

Sijui niandikeje.

Ghalani. Msimu umeanza, watu ni wengi, magunia yamepangwa hadi dirishani. Nilikuwa narudisha gari kinyumenyume mpaka mlangoni, Chrispin ananielekeza kwa mikono. Njoo, njoo, njoo, simama.

Nikakanyaga breki.

Gari likaondoka kwa kasi. Nikakanyaga zaidi — ndiyo breki, si nakanyaga breki? — likaongeza. Nilisikia magunia yakipasuka, mbao, watu wakipiga kelele. Chrispin alijitupa pembeni. Ukuta ndio ulionisimamisha.

Nikatazama chini. Mguu wa kulia ulikuwa juu ya mafuta. Umekaa hapo umetulia, kana kwamba ndipo nilipouweka.

Korosho sakafu nzima. Chrispin kakwaruzika kiwiko, basi. Basi! Dakika moja kabla, kina mama watatu walikuwa wamekaa palepale wakichambua. Walikuwa wameinuka kwenda kunywa maji.

Watu wakanizunguka. Mzee, nini? Nini kimetokea? Na mimi mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema ni zulia. Zulia la miguuni limekunjana chini ya pedali.

Mtu akauliza, nani kaliweka?

Nikanyamaza. Wote wanajua Anwari ndiye aliyelinunua, kwa pesa yake, ili sakafu isichafuke.

Alhamisi, 24 Oktoba

Kikao cha dharura. Anwari alisimama akajitetea. Alisema zulia halifiki kwenye pedali, twendeni tukaone. Mama Faridi alikuwa na hasira mpaka anachanganya Kiyao. Akauliza, huyu kijana anaendeshaje siku zote, Baba Queen? Sema kweli mbele ya watu.

Nikataja zile breki za mlimani.

Nilisema kila kitu. Mama wa Chiwata, watoto watatu, hendibreki. Yote ni kweli. Watu wakashika vichwa. Anwari alinitazama tu, si kwa hasira, kwa mshangao, kama mtu aliyepigwa na anayemheshimu. Akaweka funguo zake mezani, akatoka.

Kwa hiyo dereva sasa ni mmoja.

Ijumaa, 25 Oktoba

Yuster hajala na mimi jana wala leo. Mchana akaja na maji ya kuosha kidonda, akapiga magoti, akaosha, akafunga kitambaa. Kisha akabaki ameushika ule mguu.

"Umemtoa Anwari."

Nikasema kikao ndicho kilichomtoa.

"Baba Queen, mimi ndiye ninayeosha miguu hii. Usinifanye mjinga."

Nikamwambia wakijua, mimi ni nani? Mzee wa mikorosho mia na ishirini na miguu mibovu. Kila nyumba hapa nimewahi kuipelekea mgonjwa au maiti. Nikipita wanasema dereva huyo. Wataniitaje?

Akasema, "Watakuita mzima."

Akasema tena: usipowaambia wewe, nitawaambia mimi. Nikamshika mkono nikamwomba. Msimu uishe. Msimu ukiisha nitasema macho yamechoka, nitaachia funguo kwa heshima. Miezi miwili tu.

Yuster akainuka. Alimwaga yale maji mbali sana na nyumba.

Jumapili, 3 Novemba

Nimegundua njia. Nikivaa kiatu chenye soli nyembamba, goti linasikia kidogo pedali inavyosukuma. Naendesha kwa goti. Na natazama chini kabla ya kila breki. Polepole, kwa akili.

Leo nimempeleka babu wa Lupaso kwenye gari la Mtwara, nikarudi salama.

Alhamisi, 14 Novemba

Sikupima wiki nzima.

Kushuka Masasi na magunia, kwa L, taratibu. Kila nikiinamisha macho kutazama mguu, barabara inasogea bila mimi. Nilihesabu leo. Mara thelathini na nane nimeendesha bila kuiona barabara.

Mara ya thelathini na tisa nilipoinua macho kulikuwa na baiskeli. Nilikwepa. Yule mtu alinipungia mkono kunishukuru, akidhani nilimwona mapema.

Nilipofika chini nilikwenda gereji kwa Salmini. Alikuwa anafungua injini. Hakuinua kichwa, akasema kasikia habari za ghalani. Kisha akasema, "Shuka kwenye gari utembee mpaka hapa."

Nikamwambia nina haraka. Sikushuka.

Jumatatu, 18 Novemba

Mawingu tangu asubuhi. Mvua za kwanza hizo. Yuster kaniambia jioni atakwenda kwa Mama Faridi. Nikamsihi mpaka Jumamosi. Jumamosi nitakwenda naye, tutasema pamoja. Akanitazama sana.

"Jumamosi," akasema. "Siyo Jumapili."

Nimekubali. Nimekubali kweli. Nimelala mchana usingizi mzuri, wa kwanza tangu Septemba.

Jumatano, 20 Novemba

Saa tano kasoro. Naandika nimekaa juu ya jiwe, kando ya barabara, pale juu mlima unapoanza kushuka.

Saa tatu Mama Faridi alikuja anakimbia. Yasmini, mkwe wake, mke wa Faridi, mimba ya kwanza. Uchungu tangu jana, mtoto hasogei. Nesi wa zahanati anasema apelekwe hospitali kubwa huko chini, sasa hivi, na gari la wagonjwa limetoka na mgonjwa mwingine. Faridi mwenyewe yuko Dar es Salaam. Ningesema nini? Nilishika funguo.

Yuster alikuwa uwanjani anaanua nguo. Alisimama mbele ya gari. Mikono miwili juu ya boneti. Mama Faridi akampigia kelele, Mama Queen una wazimu? Ondoka! Yuster akanitazama mimi tu. Nilipiga honi. Nimempigia mke wangu honi kama mbuzi. Akaondoka njiani, akapanda nyuma pamoja na mgonjwa. Kapanda tu, akakaa.

Nyuma kuna Yasmini kwenye godoro, nesi, Mama Faridi, na mke wangu.

Tumekuja vizuri mpaka hapa. Mvua imenyesha usiku, barabara imelowa, inang'aa. Pale mwanzo wa mteremko nikaweka L na kujaribu breki, kama inavyotakiwa.

Goti halikusikia kitu.

Nikatazama chini. Mguu ulikuwa umeteleza kati ya pedali mbili, umekwama pembeni. Niliuinua kwa mkono. Kwa mkono, kama unavyoinua kuni. Nikavuta hendibreki.

Nikawaambia injini imechemka, tuisubiri kidogo. Injini haijachemka.

Wakati huohuo nyuma ikaanza kelele. Chupa imepasuka. Wakafunga khanga kuzunguka bodi, nesi akaniambia baba kaa mbali. Ndiyo maana niko kwenye jiwe.

Nimempigia Anwari. Alipokea mara ya pili. Nikasema niko juu ya mlima na mgonjwa, njoo, siwezi kushuka. Akauliza gari lina nini. Nikasema gari halina kitu. Ni mimi. Nikamwambia miguu. Ndipo nikamwambia na zulia, kwamba nilijua si zulia.

Nilisikia kuku upande wake, na mtoto.

Akasema, "Ulinisema mbele ya watu, mzee."

Nikasema ndiyo.

Simu ikakatika. Sijui kakata yeye au ni mtandao. Nimepiga tena mara nne, haipatikani. Kwa bodaboda toka kwake mpaka hapa ni dakika ishirini na tano, kama njia haijaharibika. Zimepita kumi na mbili.

Hakuna gari lililopita. Pikipiki moja tu, imepanda, imebeba mkaa.

Ningeweza kushuka. Naifikiria kona kwa kona. L mpaka kwenye kalavati, hapo breki kidogo tu, kisha ile kona ya kushoto yenye bonde, hapo breki lazima, hapo hapana namna. Kona ya tatu naweza kutumia hendibreki. Zaidi ya hapo lami imenyooka, nusu saa na kidogo hospitali. Nimeshapita hapa mara ngapi? Elfu? Mara moja zaidi. Moja tu.

Yasmini analia jina la mama yake. Sasa hivi ameacha kulia, na hiyo ni mbaya zaidi.

Nesi ametoa kichwa. Anasema hatuwezi kukaa, tuondoke, mtoto anachoka. Mama Faridi anasema Baba Queen imeshapoa hiyo, twende! Nimeinua mkono kwamba nasikia. Naona uso wa Yuster juu ya khanga. Ananingoja mimi. Jumamosi imekuja leo.

Nimevua viatu ili nione vizuri vidole nikikanyaga. Nimesimama pekupeku, nimejaribu kukanyaga jiwe kama pedali, kulia, kulia, kulia. Macho yakiwa wazi mguu unafika. Nikifumba haufiki.

Mama Faridi ameshuka kwenye gari. Anakuja huku, ananyoosha mkono nimpe wangu tuondoke. Amefika. Amesimama.

Ananiuliza hii damu kwenye jiwe ni ya nani.

Nimetazama unyayo wangu wa kulia. Ni nyingi. Sijamjibu bado.